Kwa nini huku "kumalizana" hakusaidii: historia ya pombe na usukani Uingereza

Mnisamehe kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana. Leo nina historia kidogo, kwa sababu shemeji aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa simu.

Iko hivi. Kuna kaka mmoja wa kwetu hapa mjini, kazi yake ni kuzungukia wazee majumbani kwa gari. Jumamosi alikwenda kwenye sherehe ya ubatizo, akanywa, akarudi kwa teksi kama mtu mwenye akili. Jumapili saa moja asubuhi akaingia kwenye gari kwenda kazini. Polisi wakamsimamisha kwa sababu ya taa iliyokufa, wakampulizisha kipimo, kikapita. Mahakamani akafungiwa leseni miezi 12, akalipa faini, na kazi ikaenda.

Shemeji akashangaa: "Sasa shem, mtu kalala usiku kucha, hayumbi, anaongea vizuri, kosa liko wapi? Na hakuweza kumalizana na yule askari?"

Jibu linaanzia mbali. Sheria ya vileo ya mwaka 1872 ilifanya kuwa kosa kulewa ukiwa unaongoza farasi, ng'ombe, mkokoteni au injini ya mvuke, au ukiwa na bunduki yenye risasi. Magari hayakuwepo bado. Septemba 1897 dereva wa teksi jijini London, George Smith, akagonga jengo mtaa wa New Bond Street. Teksi yenyewe ilikuwa ya umeme, msishangae, zilikuwepo! Alikiri kulewa akapigwa faini, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza Uingereza kutiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa.

Lakini "kulewa" ni nini? Hapo ndipo sheria ilipokwama kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1930 ilitaka ithibitishwe kwamba dereva hawezi kulimudu gari. Basi daktari anaitwa kituoni: tembea juu ya mstari, simama kwa mguu mmoja, tamka maneno yanayotatanisha ulimi. Kesi ikifika mbele ya lile jopo la raia 12, wengi wao nao wana magari na wanakunywa. Wanamtazama mshtakiwa na kujisemea, leo kwako kesho kwangu. Anaachiwa.

Aliyekata mzizi huo ni mwanamke, Barbara Castle, waziri wa usafiri, ambaye mwenyewe hakuwa dereva. Alitukanwa sana na kuandikiwa barua za chuki. Lakini Oktoba 1967 kipimo cha pumzi kikaanza kutumika, na mpaka ukawekwa: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Tangu siku hiyo sheria ikawa na swali jipya: badala ya unaonekanaje, ni kiasi gani kimo kwenye damu yako. Waliokufa barabarani walikuwa zaidi ya 7,300 mwaka 1967, mwaka uliofuata wakawa kama 6,800. Mwaka 1983 mashine ya pumzi ya kituoni nayo ikawa ushahidi kamili, mpaka ukiwa mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi.

Shemeji, ndiyo maana kulala hakukumsaidia yule kaka. Ini husafisha pombe taratibu. Kahawa haiharakishi, kuoga hakuharakishi. Ukilala saa nane usiku na chupa nyingi tumboni, saa moja asubuhi bado zimo, hata kama unajisikia mzima.

Na kukataa kupima? Ni kosa lenyewe, na leseni inakwenda vilevile. Hata ukiletwa kwetu hospitalini huna fahamu, sheria ya mwaka 2002 inaruhusu damu ichukuliwe. Kwa kawaida anayeichukua si daktari anayekutibu, na haipimwi mpaka uzinduke na kukubali. Ukikataa, ni kosa. Sasa utamalizana na nani?

Adhabu ni hizi: kufungiwa leseni angalau miezi 12, faini isiyo na kikomo, na jela mpaka miezi 6. Ukirudia ndani ya miaka 10, kufungiwa kunaanzia miaka 3. Ukiua mtu kwa uendeshaji wa uzembe huku umelewa, tangu Juni 2022 kifungo kinaweza kufika maisha. Scotland wao waliushusha mpaka wa damu hadi 50 mwaka 2014. Na sisi wauguzi, tukishtakiwa tu, tunatakiwa kuliarifu baraza letu la uuguzi.

Yule kaka sasa anafanya kazi ghalani, anapanda mabasi mawili alfajiri. Pesa aliyokuwa akimtumia mama yake imepungua nusu. Mama hajaambiwa sababu.

Mimi nimekaa na familia nyingi kwenye korido saa tisa usiku, nikisubiri daktari aje awape habari. Kwa hiyo sheria hii siilaumu hata kidogo. Namhurumia kaka yetu, lakini Jumapili ile hakukutana na mtoto anayevuka barabara, na hiyo ndiyo bahati yake.

Shemeji, Krismasi inakuja na nakujua. Funguo mpe dada, na asubuhi usizidai mapema. Nawasalimu wote nyumbani.