Mfalme Creon na Binti Antigone: Haki Mbili Mlangoni

(Somo hili lilisomwa redioni, nalo limepigwa chapa hapa kwa faida ya vikundi vya wasikilizaji.)

Katika somo lililopita tuliona jinsi raia wa Athens, katika Ugiriki ya kale, walivyokutana mkutanoni kuamua mambo ya mji wao. Leo tutawafuata mahali pengine walipokusanyika: kwenye michezo ya kuigiza, hasa ile ya misiba, ambayo kwa Kiswahili huitwa tanzia. Msidhani kwamba tumeiacha historia tukaingia katika ngano. Mtaona ya kuwa mchezo nao ulikuwa namna ya baraza.

Kila mwaka, baridi ilipokwisha, watu wa Athens walifanya sikukuu ya Dionysus, mungu wao wa mvinyo. Walikusanyika kwa maelfu kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis, wakaketi mchana kutwa mahali pasipo paa. Washairi watatu walishindana, na kila mmoja alileta tanzia tatu na mchezo mmoja wa kuchekesha. Gharama za waimbaji alitwikwa tajiri mmoja kwa amri ya mji, kama vile matajiri wengine walivyotwikwa gharama za merikebu za vita. Waigizaji walikuwa wanaume watupu, hata walipoigiza wanawake, nao walivaa nyuso za bandia.

Sasa shikeni jambo moja. Kabla ya michezo kuanza, vijana ambao baba zao walikufa vitani kwa ajili ya mji walipitishwa mbele ya watazamaji, wamevaa silaha walizopewa na mji. Watu wenye desturi hiyo ndio waliotazama, yapata mwaka 442 K.K., yaani kabla ya Kristo, mchezo wa Sophocles uitwao Antigone. Mchezo huo ukawauliza swali gumu: je, na yule aliyekufa akiupiga vita mji wake mwenyewe, tumtendeje?

Kisa chenyewe ni hiki. Ndugu wawili wa mji wa Thebes, Eteocles na Polyneices, waligombea ufalme. Polyneices akaenda kuleta jeshi la mji wa Argos, na vitani ndugu hao wakauana. Ufalme ukamwangukia mjomba wao, Creon. Naye akatoa amri: Eteocles azikwe kwa heshima, Polyneices asizikwe wala asiombolezewe, bali aachiwe mbwa na ndege. Atakayevunja amri atauawa. Dada yao Antigone akaenda akaimwagia maiti udongo. Akakamatwa, wala hakukana.

Wengi wakisikia kisa hiki husema mara moja: Creon ni mbaya, Antigone ni mwema, basi. Lakini ngojeni kidogo. Sheria ya Athens yenyewe ilikataza msaliti kuzikwa katika ardhi ya mji. Kwa hiyo watazamaji waliposikia amri ya Creon hawakusikia maneno ya mwenda wazimu. Walimsikia mtawala aliyepokea mji uliotoka vitani jana, akiuliza kama mlinzi na mshambuliaji wastahili heshima moja. Hiyo ni hoja ya kweli. Ila sheria ya Athens haikukataza kumzika msaliti nje ya mipaka. Creon hakuacha hata nafasi hiyo.

Antigone naye ana hoja yake. Kumzika ndugu ni agizo la miungu, la zamani kuliko mfalme yeyote. Na kwa desturi ya Wagiriki, wanawake wa nyumbani ndio walioosha maiti na kuiomboleza. Hapo ndipo tanzia ilipo: haki mbili zimekutana katika mlango mmoja, wala hakuna inayotaka kuipisha nyingine.

Basi, ikiwa hoja zote mbili zina nguvu, maangamizi yanaletwa na nini? Yanaletwa na tabia za watu. Mtazameni Creon. Kwanza aliuhofia mji. Lakini kila anapojibiwa, hoja yake hupungua na kiburi chake huongezeka. Kwa Antigone, asema hatatawaliwa na mwanamke. Mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, amweleza kwa adabu kwamba watu mjini wanamnong'onea huruma binti huyo, ila wanaogopa kusema mbele ya mfalme. Creon auliza kama mji ndio utakaomwamuru yeye. Angalieni alivyohama: alianza kwa kusema kwa niaba ya mji, sasa asema mji ni mali yake.

Antigone naye ni mkali. Dada yake Ismene alipotaka kufa pamoja naye, alimkataa kwa maneno machungu. Na wazee wa Thebes, ambao ndio kundi la waimbaji, waliona mengi wakasema machache. Mwaguzi kipofu, Tiresias, alipokwisha kumwonya Creon, ndipo wazee walipomshauri waziwazi: kwanza umtoe binti pangoni alimofungiwa, kisha umzike marehemu. Creon akakubali, lakini akaanza na maziko. Alipofika pangoni, Antigone alikuwa amejinyonga. Haemon akajiua mbele ya baba yake, na mama yake alipopata habari akajiua pia. Creon sasa alijua kosa lake, lakini hapakuwa na mtu wa kumwomba radhi.

Mwaweza kuuliza kwa nini kisa kiliwekwa Thebes, si Athens. Yapata miaka hamsini nyuma, mshairi Phrynichus aliigiza habari za Miletus, mji rafiki wa Athens ulioangamizwa na Waajemi mwaka 494 K.K. Watazamaji walilia, kisha mji ukamtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe. Washairi wakajifunza. Kisa cha kale cha mji mwingine kiliwawezesha watu kujitazama bila kufumba macho.

Wala Sophocles hakuandika kama mtu wa pembeni. Mwaka 441 K.K. alikuwa mmoja wa majemadari kumi wa Athens, pamoja na Pericles, wakati wa vita na kisiwa cha Samos. Aliyemwandika Creon alikijua kiti cha Creon.

Mchezo huu umeishi zaidi ya miaka 2,400. Katika gereza la Robben Island, huko Afrika ya Kusini, wafungwa wa siasa waliuigiza. Nelson Mandela, aliyefungwa huko kuanzia mwaka 1964 hadi 1982, alishika sehemu ya nani? Ya Creon. Mtu aliyefungwa kwa kupinga sheria dhalimu alijifunza maneno ya mtawala asiyesikia. Nasi, wasikilizaji, tukimcheka Creon tu, hatujafaidi somo. Tumwangalie vizuri, maana siku tutakapokabidhiwa fimbo, iwe ya nchi, ya chama au ya nyumba, huenda sauti tutakayoisikia kinywani mwetu ikawa yake.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni katika neno gani Creon aliacha kuutetea mji akaanza kujitetea mwenyewe?

2. Wazee walijua, wakachelewa kusema. Je, nao wana sehemu katika vifo hivyo?

3. Kama ungekuwa Ismene, ungemshauri nini dada yako kabla hajatoka nyumbani?