Sakafu za Kuogea katika Nyanda za Juu Kusini

Kabla saruji haijapanda milimani, watu wa Uhehe, Usafwa na Unyakyusa hawakuwa na sababu ya kuhofia mahali pao pa kuogea, kwani aghalabu palikuwa ni kitalu kidogo nyuma ya nyumba, kilichozungushiwa matete au mabua ya mahindi, na ndani yake limelazwa jiwe bapa lenye mikwaruzo, ambalo lilimwepusha muogaji na tope na papo hapo likamsugulia visigino. Maji yalipashwa moto jikoni, maana baridi ya Juni na Julai katika nchi hiyo si ya mzaha, nayo yakisha kumwagwa yalipotelea bustanini. Iringa, ambayo mwamba wake wa Gangilonga unautazama mji mzima, haikupata kupungukiwa na mawe ya namna hiyo.

Pwani ndiko sakafu laini ilikotangulia kupata taadhima. Sultani Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi, Unguja, mnamo 1850, na mwanawe Barghash akaongeza ile ya Hamamni katika Mji Mkongwe. Na katika nyumba za kiungwana palikuwa na mitalawanda, viatu vya mti vilivyouinua mguu juu ya majimaji, ijapokuwa sidhani kama viliwahi kumzuia mtu asianguke.

Bara ulaini ulifuata serikali. Kalenga, ngome ya Wahehe, ilipotekwa mwaka 1894, Wajerumani walianzisha mji mpya wa Iringa juu ya kilima. Na Mbeya nayo ikazuka katika miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Katika nyumba za maofisa, na baadaye za watumishi wa kawaida, fundi alimwaga zege, akalipaka niru, akaisugua kwa mwiko wa chuma hata ikang'aa, na mwenye nyumba akaihesabu kuwa ni fakhari. Reli ya TAZARA iliyokamilika 1975, kisha kiwanda cha saruji cha Songwe katika muongo uliofuata, viliifanya fakhari hiyo kuwa ya watu wengi. Vikaja vigae, kwanza vya ng'ambo, halafu vya viwanda vya hapa nchini, na jiwe la kuogea likasahauliwa.

Hapo ndipo madhara yalipoingia. Maji ya sabuni yakikaa baina ya wayo na kigae laini, wayo hauikamati sakafu, huelea. Na kwa sababu ya baridi watu wa Nyanda za Juu hufunga dirisha ili mvuke usitoke, basi bafu halikauki upesi, na ukoga hujijenga kimyakimya katika pembe iliyo karibu na tundu la maji. Kigae chenyewe huchaguliwa dukani kikiwa kikavu, tena kwa jicho, hali mguu uliolowa ndio ungestahiki kuulizwa.

Mafundi wenye busara wamerudia, pengine bila kukusudia, hekima ya lile jiwe. Yuko anayevunja vigae vilivyobaki na kuvipanga vipande vidogo vidogo, ili viungo vya saruji viwe vingi na wayo upate pa kushika. Yuko anayeacha niru kabisa, akalikwaruza zege kwa fagio la chelewa kabla halijakauka. Wote huipa sakafu mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, yasituame maji. Kwa sakafu iliyokwisha kutandikwa dawa ni burashi ngumu na siki, ikisuuzwa mara moja kwa kuwa siki hula viungo. Na mkeka wa mpira, mradi uanikwe kila baada ya kuoga, la sivyo ukoga huhamia chini yake. Penye mzee huongezwa kipande cha bomba la chuma ukutani, usawa wa kiuno, kikikazwa ndani ya tofali lenyewe. Kikishikizwa juu ya kigae tu, siku ya kuegemewa hung'oka pamoja nacho.