Matukio Machungu ya Zamani na Ugumu wa Kuyapata Mtandaoni

Tukio la zamani huweza kupotea mtandaoni bila mtu yeyote kulifuta. Mnamo tarehe 8 Desemba, 2000, watu 38 wa jamii ya wakulima waliuawa katika Kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, kufuatia mgogoro na wafugaji. Wakati huo habari nyingi nchini zilichapishwa magazetini pekee, na nyingine zilizowekwa kwenye intaneti hutoweka tovuti inapofungwa au kubadilishiwa anwani. Majina ya mahali nayo huchanganya: anayetafuta habari za Kata ya Zombo, Kilosa, huweza kuletewa za Wilaya ya Zombo nchini Uganda.

Mwananchi anashauriwa kutaja kata, wilaya na mwaka anapotafuta. Asipopata, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Mwaka 2016 inampa haki ya kuomba taarifa katika taasisi husika ya umma, nayo hutakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Kutoonekana kwa tukio mtandaoni si ushahidi kwamba halikutokea. Wanaosuluhisha migogoro ya ardhi leo wanahitaji kujua chanzo cha ile iliyotangulia.