Damu ya Mama

Daktari alitugeuzia karatasi tuione. Matokeo: chanya. Nilifurahi. Nilikuwa nimejitolea kumpa mama figo yangu moja, makundi yetu ya damu yalikuwa yamekubaliana, na "chanya" ilisikika kama habari njema. Mama, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyeusoma uso wa daktari. "Imekataa, mwanangu," akasema.

Zilizokataa ni kingamwili ndani ya damu yake, na aliyezisababisha ni mimi. Nusu ya alama zilizo juu ya seli za mtoto hutoka kwa baba. Damu ya mtoto ikipenya kwenye ya mama wakati wa ujauzito au kujifungua, mwili wa mama unaweza kuziona alama hizo kuwa ngeni na kuziwekea walinzi, ambao huweza kudumu miaka mingi. Kuongezewa damu nako huleta hali hiyo, lakini mama hakuwahi kuongezewa.

"Kumbe tulianza kugombana ukiwa tumboni," aliniambia kwenye daladala.

Usiku nikaanza kumtafuta aliyebuni kipimo kile. Nikampata Paul Terasaki, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1929 katika familia yenye asili ya Japani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliifungia familia hiyo katika kambi ya Gila River, Arizona. Kosa lao lilikuwa asili yao tu. Mwaka 1964, akiwa mtafiti wa UCLA, yeye na John McClelland walichapisha kipimo kilichohitaji maikrolita 1 tu ya majimaji ya damu. Kwenye kishimo kidogo unachanganya seli nyeupe za mchangiaji na majimaji ya damu ya mgonjwa, unaongeza protini kutoka damu ya sungura, kisha rangi, unachungulia kwa hadubini. Seli zikifa, kingamwili zipo.

Kabla ya hapo madaktari wa upasuaji waliweza kuunganisha figo, wakaiona ikigeuka waridi, kisha ikawa ya buluu mbele ya macho yao. Mwaka 1969 Terasaki na Ramon Patel walitoa hesabu ya upandikizaji 225. Kati ya wagonjwa 30 waliokuwa na majibu kama ya mama, figo 24 zilishindwa papo hapo. Kati ya 195 waliobaki, 8 tu. Niliisoma hesabu hiyo mara tatu, nikaacha kumnung'unikia daktari.

Lakini kilichonikalia moyoni ni kingine. Mwaka 1958 Rose Payne kule Marekani na Jon van Rood kule Uholanzi walionyesha kuwa wanawake waliozaa wanaweza kubeba kingamwili hizi. Basi kwa miaka mingi maabara zilitumia damu ya akina mama kama dawa ya kutambulia alama za seli za watu wengine. Majina ya wanasayansi nimeyapata kirahisi. Ya akina mama hao, hapana. Na mama mwenye kingamwili nyingi, figo zake zikifa, husubiri zaidi ya wengine.

Mama aliuliza kama baba anaweza kutoa. Nikamweleza kwamba alama anazozikataa ni za baba. Akacheka hadi muuguzi wa mashine akageuka.

Jumatatu mama mdogo anafika kutoka Tanga kupimwa. Alama zake zote ni za babu na bibi.