Bwaki, ugonjwa unaoondoa kicheko: historia ya tumbo na roho katika Kivu

Katika vijiji vya Bushi, mama akisema juu ya mtoto wake "uyu mutoto hachekake tena", jirani anaelewa mara moja. Hangojei mizani, hangojei karatasi ya kituo cha afya. Mtoto amekaa peke yake kwenye kizingiti, amenuna, hachezi na wenzake, ukimpa chakula anageuza uso. Kisha miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na kunyofoka, ngozi inabambuka. Kwa mashi ugonjwa huo unaitwa bwaki, na jina hilo limeingia katika Kiswahili chetu cha Kivu. Vitabu vya wanganga vinauita kwashiorkor.

Wazee wetu waliweka uso wa mtoto mbele, tumbo lake nyuma. Kwao roho na tumbo vilitembea pamoja. Hata Waswahili wa pwani, ambao lugha hii ilitoka kwao, wanasema "njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya". Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha namna elimu ya wanganga iliuacha ujuzi huo kwa muda mrefu, kisha ikaurudilia kwa njia yake yenyewe. Lakini tutasema pia pahali wazee walikosea, juu mila isiyochunguzwa inaweza kuua mtoto sawasawa na njaa.

Mtoto aliyeondolewa kifuani

Jina la kwashiorkor lilitoka Afrika ya Magharibi. Munganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa akitunza watoto katika Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana. Aliandika juu ya ugonjwa huo mara ya kwanza katika 1933, na katika 1935 akautolea jina ambalo wamama wenyewe walikuwa wakilitumia katika lugha ya Kiga. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani wakati mwingine amezaliwa.

Tuangalie vizuri jina hilo. Halitaji chakula peke yake. Siku mtoto anapoachishwa ziwa kwa haraka, anapoteza vitu viwili pamoja: maziwa, na mapaja ya mama. Tumbo lake linapokea bugali tu, na roho yake inapokea upweke. Wamama wa pwani ya Ghana na wamama wa Bushi hawakujuana hata kidogo, lakini waliona jambo moja.

Hapa ndipo kosa lilipoingia. Katika familia nyingi, mtoto akishikwa na bwaki, watu waliulizana nani amemroga, ao walimshitaki mama kwamba amebeba mimba mapema. Mtoto alizungushwa kwa waganga wa kienyeji wiki nzima, na alipofika hospitali alikuwa amechelewa. Alama za ugonjwa waliziona vizuri sana. Sababu yake hawakuijua, na mama ndiye aliyelipa deni.

Juu ya nini bwaki ilienea Bushi?

Zamani shamba la Bushi lilikuwa na maharagi, mtama, ndizi na viazi vitamu. Ngombe alikuwa mali na heshima, lakini alikuwa pia chakula: kulikuwa maziwa, na kulikuwa mashanza, yale maziwa yaliyoganda ambayo mpaka leo tunayanunua sokoni. Haimaanishi kwamba njaa haikujulikana. Lakini chungu kilikuwa na vitu vya namna nyingi.

Wakati wa ukoloni mambo yaligeuka. Comité National du Kivu, iliyoundwa katika 1928, iligawia wazungu mashamba makubwa, na vilima vingi vikawa vya kahawa, chai na kinini. Malisho ya ngombe yalipungua, watu walijaa kwenye ardhi ndogo, na muhogo ukaenea juu unavumilia udongo uliochoka. Muhogo unashibisha, hatuwezi kuusema vibaya. Lakini gramu 100 za unga wake zina protini gramu 2 hivi tu, wakati gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya 20. Mtoto wa miaka miwili akila bugali ya muhogo na mboga kidogo, tumbo linajaa na mwili unabaki na njaa.

Ziwa Kivu pia lilikuwa na samaki kidogo. Sambaza tunazokula leo zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Kisha vita vya 1996 na vya 1998 viliiba ngombe wengi wa vilima vyetu, na maziwa yakawa chakula cha wachache.

Lwiro na wakati wa unga wa maziwa

Bwaki ilipoonekana kila pahali, wataalamu walikuja. Katika 1947 Ubelgiji iliunda IRSAC, shirika la uchunguzi wa elimu katika Afrika ya Kati, na makao yake makubwa yakajengwa Lwiro, karibu na Katana. Katika miaka ya 1960 munganga wa watoto Henri Vis, wa Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles, alichunguza ugonjwa huo huku kwetu. Mpaka Bukavu mjini jina hilo likaingia katika maendeleo: Comité Anti-Bwaki, iliyozaliwa katika miaka hiyo, ilianza na chakula cha watoto kisha ikapanua kazi yake kwa wakulima.

Fikra ya wakati ule ilikuwa moja: bwaki ni ukosefu wa protini. Brock na Autret, waliotumwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuzunguka Afrika katika 1950, walitoa kitabu chao katika 1952, na baada ya hapo unga wa maziwa uligawanywa kwa wingi. Watoto wengi waliponyeshwa, na tuwashukuru waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo, katika 1974 munganga Donald McLaren aliandika wazi kwamba dunia ilikuwa imeshikilia protini kupita kiasi. Ilijulikana tayari kwamba mtoto wa bwaki amepungukiwa na vitu vingine pia, kama potasiyumu, ambayo ikikosekana misuli inalegea na nguvu inaisha. Tena swali moja lilibaki: juu ya nini watoto wawili wa nyumba moja, wanaokula sahani moja, mmoja anashikwa na mwingine hapana?

Tumbo linasema na kichwa

Sehemu ya jibu ilitoka Malawi, nchi ya ugali kama yetu. Wataalamu walifuata mapacha, jozi 317, katika miaka yao mitatu ya kwanza. Katika jozi fulani pacha mmoja alipata kwashiorkor na mwenzake akabaki mzima. Walichukua vijidudu vya matumbo vya watoto hao wakavitia ndani ya panya waliolelewa bila kijidudu chochote, kisha wakawalisha chakula cha Malawi. Panya waliopewa vijidudu vya mtoto mgonjwa walikonda sana kuliko wale waliopewa vya pacha mzima. Matokeo yalitangazwa katika 2013. Basi chakula kibaya ni nusu ya jambo. Nusu ingine ni hali ya tumbo linalokipokea. Tumbo lililochoka kwa kuharisha na maji machafu, ukuta wake unaharibika, na hata chakula kizuri kinapita bure.

Na roho je? Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Italia, Vittorio Erspamer, aliona ndani ya tumbo kitu alichokiita enteramini. Katika 1952 ikajulikana kwamba ndicho kile kile kinachoitwa serotonini, ambacho ubongo pia unakitumia katika mambo ya furaha, usingizi na hamu ya kula. Karibu sehemu 90 kwa 100 za serotonini ya mwili zinafanyizwa tumboni. Tuwe waangalifu lakini: serotonini ya tumbo haipandi yenyewe mpaka ubongoni. Tumbo linasema na kichwa kwa njia zingine, zaidi kwa mshipa mrefu wa fahamu unaoitwa vagi, ambao nyuzi zake nyingi zinapeleka habari kutoka chini kwenda juu, si kutoka juu kwenda chini. Katika 2004 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba panya asiye na vijidudu tumboni anashtuka kupita kiasi akitiwa katika taabu, na kwamba akipewa kijidudu fulani kizuri angali mdogo, anatulia.

Mambo haya ya panya hayatoshi kueleza kila huzuni ya mtu. Mtu anaweza kuwa na tumbo zima na roho iliyovunjika, sisi watu wa Kivu tunajua hilo kuliko wengine. Lakini yanatosha kutufundisha kwamba mtoto wa bwaki hanuni kwa ubaya ao kwa uvivu. Uso wake unasema habari za tumbo lake.

Alama inayobaki

Katika 2020 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa kwetu juu ya watu waliotunzwa Lwiro kwa utapiamlo wakiwa watoto, kati ya 1988 na 2007. Walipata zaidi ya 500, sasa watu wazima, wakawalinganisha na wenzao wa jirani ambao hawakuugua. Waliougua walikuwa nyuma katika majaribio ya akili, walifika chini zaidi katika masomo, na walijithamini kidogo kuliko wenzao. Wale wote waliponyeshwa, miguu ikapunguka, nywele zikaota. Lakini jambo fulani lilibaki ndani.

Ni juu ya hiyo kucheza na kubeba mtoto si mapambo. Shirika la Afya la Dunia, katika kitabu chake cha 1999 juu ya utapiamlo mkali, limeandika hatua 10 za kutunza mtoto, na moja ni kumpa upendo, michezo na mazungumzo. Bibi zetu waliomfunga mgongoni mjukuu aliyeachishwa ziwa, wakimwimbia huku wakilima, walikuwa wanafanya sehemu ya hatua hiyo bila kitabu.

Tushike nini, tuache nini?

Tushike maharagi, sambaza, mashanza iliyotengenezwa kwa usafi, na uji wa masoso, wa mahindi, soya na mtama. Tushike desturi ya kulowesha muhogo siku tatu ao ine, juu inapunguza sumu yake. Uji uliochachuka kidogo una asidi inayozuia mikrobu nyingi, na wazee waliujua. Lakini tusiseme kwamba chakula cha zamani kinaponyesha kila kitu: mtoto aliyevimba miguu sherti afike kituo cha afya siku ile ile. Na kasiksi ibaki kwa wakubwa.

Tuache kumshitaki mama. Tuache kutafuta mchawi katika nyumba ambamo kitu kinachokosekana ni sahani ya maharagi na maji safi.

Wanganga wa bwaki wanajua jambo moja ambalo mama wa kijiji anajua pia: mtoto akianza kutabasamu, amevuka mto, hata kama uzito wake haujarudi wote. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitembelea jirani aliye na mtoto mgonjwa, usiulize kwanza nani amemtupia jicho. Uliza: "Leo amekula nini?" Kisha uliza: "Leo amecheka?"