Upanuzi wa Miji ya Mbeya na Iringa: Yanayoamuliwa Kabla Shamba Halijawa Kiwanja

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 541,603 katika Jiji la Mbeya. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa 385,279. Katika Manispaa ya Iringa idadi ilipanda katika kipindi hicho kutoka 151,345 hadi 202,490. Kwa pamoja, miji hiyo miwili ya Nyanda za Juu Kusini iliongeza zaidi ya watu 207,000 ndani ya muongo mmoja, wengine kwa kuzaliwa, wengine kwa kuhamia kutafuta elimu, biashara na ajira. Watu hao wanahitaji nyumba, na sehemu kubwa ya nyumba mpya za pembezoni imejengwa mahali palipokuwa pakilimwa mahindi, maharage na viazi mviringo.

Ukanda huu ni miongoni mwa maeneo yanayoilisha nchi. Kwa hiyo swali la wapi mji upanuke na wapi usimame si la maofisa wa mipango miji peke yao. Linamhusu mkulima anayefuatwa shambani na madalali wa viwanja, dereva wa daladala anayesubiri nyuma ya malori ya kwenda Tunduma, na hata mnunuzi wa unga aliyeko Dar es Salaam. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilikwisha kutahadharisha kuhusu miji kutambaa juu ya ardhi nzuri ya kilimo, ikahimiza viwanja vidogo na ujenzi wa kwenda juu. Tahadhari hiyo ina miaka 30, na bado ndiyo kiini cha suala lenyewe.

Mbeya: bonde moja, barabara moja

Mbeya ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 ikihudumia machimbo ya dhahabu ya Lupa, ikapata reli ya TAZARA katika miaka ya 1970 na hadhi ya Jiji mwaka 2005. Umbo lake halijabadilika sana. Mji umekaa chini ya safu ya milima ya Mbeya, kilele cha Loleza kikiwa upande wa kaskazini, na unanyooka kufuata barabara kuu kutoka Uyole mashariki hadi Iyunga na Iwambi magharibi, kisha hadi Mbalizi iliyo nje ya mpaka wa Jiji. Miteremko ya milima haijengeki kwa urahisi, na inapojengwa humomonyoka. Ardhi inayobaki ni ile ya tambarare, yenye udongo mzuri na iliyo karibu na barabara, yaani ile ile ambayo mkulima angeichagua.

Uyole ni mfano ulio wazi. Kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapo, leo TARI Uyole, huhudumia Nyanda za Juu Kusini na kimetoa mbegu za mahindi na maharage zinazobeba jina la mahali hapo. Uyole hiyo hiyo sasa ni njia panda yenye shughuli nyingi, barabara ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi ikiungana hapo na ile ya Zambia. Si mbali na hapo, kata kama Iziwa, Itagano, Mwansekwa na Tembela zimo ndani ya mipaka ya Jiji, ingawa maisha ya wakazi wake wengi bado ni jembe na msimu. Kuwa ndani ya mpaka wa Jiji, basi, hakuna maana kwamba ardhi si shamba tena, ingawa kisheria hali ya ardhi hiyo hubadilika, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Msongamano wa magari Mbeya unatokana moja kwa moja na umbo hilo. Barabara inayobeba mizigo ya bandari kwenda Zambia na Kongo ndiyo hiyo hiyo inayompeleka mwanafunzi shule, mgonjwa hospitali na gunia la viazi sokoni. Lori la masafa marefu, bajaji na mwenda kwa miguu hukutana Mafiati, Kabwe na Mwanjelwa kwa sababu hakuna njia nyingine ya kutosha inayokwenda sambamba. Kupitia TANROADS, Serikali inatekeleza upanuzi wa kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi kuwa barabara ya njia nne, na imepanga barabara ya mchepuko kutoka Uyole hadi Songwe, ambako kiwanja cha ndege kilifunguliwa mwaka 2012.

Barabara ya mchepuko hupita mashambani kwa makusudi, ili malori yasiingie mjini. Lakini ardhi inayopakana nayo hupanda bei mara tu njia inapojulikana, na endapo itauzwa vipande vipande bila mpango, maduka na nyumba zitajipanga pembeni yake, watoto watavuka hapo kwenda shule, matuta yatawekwa, na mchepuko utageuka kuwa barabara nyingine ya mjini. Wanaonufaika na njia nne leo wanapaswa kujua kwamba nafuu hiyo italindwa au kupotezwa katika mashamba ambayo bado hayajapimwa.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za awali. Tofauti hiyo ya mita 7.5 ndiyo chimbuko la alama mbili za X ambazo wananchi wengi wanazifahamu. Nyekundu ni kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye halipwi fidia, na kijani ni kwa aliyekutwa na upanuzi wa sheria mpya, ambaye anastahili kulipwa.

Iringa: mlima, mto na vinyungu

Iringa ina tatizo la namna nyingine. Katikati ya mji ni juu ya mlima, na barabara kuu inapita chini, Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Upande wa kaskazini mji unaendelea kwa kupitia Kihesa hadi Nduli, kwenye uwanja wa ndege, ukifuata barabara ya Dodoma iliyokamilishwa kwa lami mwaka 2018. Upande wa chini kuna Igumbilo, iliko stendi kuu ya mabasi. Vyuo vikuu vitatu, Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa na Ruaha, vimevuta ujenzi wa hosteli na nyumba za kupanga katika kata zinazovizunguka, na mahitaji ya kiwanja huko hayafanani hata kidogo na yale ya miaka 20 iliyopita.

Kinachosahaulika kwa urahisi Iringa ni vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu unaobaki ardhini. Humo hutoka mboga, maharage na mahindi mabichi wakati mashamba ya mlimani yamekauka, na fedha yake ndiyo hulipa ada mwezi Januari. Kwenye ramani, kinyungu huonekana kama bonde tupu. Mtu akilijaza kifusi na kujenga, familia moja hupoteza bustani, jirani wa chini hupata mafuriko, na mto ambao mji huchota maji yake hupokea maji machafu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Katazo hilo linamhusu anayejenga, na pia mkulima anayelima hadi ukingoni. Mpango mzuri wa mji ungeyatambua mabonde haya kama ardhi ya wazi yenye kazi, si kama nafasi iliyosubiri kujengwa.

Hesabu ya ukubwa wa kiwanja

Mjadala wa makazi na mashamba mara nyingi huendeshwa kana kwamba ni lazima kuchagua kimoja. Hesabu ndogo inaonyesha vinginevyo. Ongezeko la watu 156,000 Mbeya kati ya sensa mbili, likigawanywa katika kaya za watu wanne, ni kaya 39,000. Kama kila kaya ingepewa kiwanja cha mita za mraba 1,000, na theluthi moja ya eneo lote ikatengwa kwa barabara, shule na maeneo ya wazi, zingehitajika takribani hekta 5,850. Kwa viwanja vya mita za mraba 500 zinatosha hekta 2,925. Kwa kuwa kaya nyingi hupanga au huishi nyumba moja na nyingine, hitaji halisi ni dogo zaidi, lakini uwiano haubadiliki. Nusu ya mashamba hayo huokolewa na ukubwa wa kiwanja pekee, bila kumnyima mtu nyumba.

Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 unafundisha upande mwingine wa hesabu hiyo. Ulipima maeneo kabla ya ujenzi holela, jambo jema. Hata hivyo viwanja vingi vilikuwa vikubwa na mbali na kazi za watu, vikakaa miaka bila kujengwa huku wakulima waliovitoa wakiwa wamekwisha ondoka. Kiwanja kilichonunuliwa na kuachwa kiote majani kimepoteza mazao na hakijatoa nyumba.

Kijiji kinapoingia mjini

Hatua yenye uzito kuliko zote hutokea kimya kimya, pale mpaka wa mamlaka ya mji unaposogezwa na kijiji kikawa mtaa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti inapotakiwa kuhamishwa. Eneo lisilozidi hekta 250 haliwezi kuhamishwa bila ridhaa ya mkutano huo, na kwa eneo kubwa zaidi mapendekezo yake hupelekwa kwa Waziri. Kijiji kikishakuwa mtaa, mamlaka hayo hayapo tena. Mtaa una mwenyekiti na mikutano, lakini hausimamii ardhi. Ardhi huwa ya jumla, na matumizi yake huongozwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007.

Sheria hiyo ya 2007 inataka mpango wa jumla wa eneo utangazwe, wananchi waitwe, rasimu iwekwe hadharani na maoni yapokelewe kabla ya kuidhinishwa. Huu ndio wakati wa mkulima kuomba eneo lake libaki la kilimo, wa wazazi kuuliza shule itakaa wapi, na wa wafanyabiashara kueleza soko linahitaji njia gani. Mahudhurio katika mikutano ya aina hiyo huwa hafifu, kwa kuwa siku hiyo bado hakuna nyumba inayobomolewa. Watu hujaa pale upimaji unapoanza, wakati mambo mengi yamekwisha kuamuliwa.

Pasipo mpango, mwenye shamba huuza kipande kwa kipande kwa makubaliano ya kuandikishana mbele ya mashahidi. Si haki kumlaumu. Kwa familia nyingi shamba ndiyo akiba pekee, na bei ya kiwanja huzidi mavuno ya miaka mingi. Tatizo ni kwamba wauzaji kumi wakifanya hivyo kila mmoja peke yake, hakuna anayeacha upana wa barabara. Urasimishaji wa makazi unaokuja baadaye humpa mwananchi hati, na hilo lina thamani, lakini hauwezi kurudisha barabara ya mita 10 mahali ambapo kuta zimeacha uchochoro wa mita tatu. Gari la zimamoto halipiti kwa sababu ya hati.

Njia ambayo imetumika katika maeneo mbalimbali nchini ni ya wenye mashamba jirani kukubaliana mashamba yao yapangwe kwa pamoja. Kila mmoja huchangia sehemu ya ardhi kwa barabara na huduma, kisha hurudishiwa viwanja vilivyopimwa. Anapata eneo dogo kuliko alilokuwa nalo, lakini lenye thamani kubwa zaidi, na anaweza kubakiza sehemu kwa bustani. Inahitaji majirani wanaoaminiana na Halmashauri inayomaliza upimaji kwa wakati.

Fidia na ushahidi wa umiliki

Pale ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa mapema. Kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2001, fidia huhusisha thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, upotevu wa faida na, kwa nyumba, posho ya makazi inayokokotolewa kwa pango la miezi 36. Malipo yakichelewa kupita muda uliowekwa, riba huongezwa.

Haki hiyo haimhusu mwenye hati ya mjini tu. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kumiliki ardhi kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Hata hivyo, mbele ya mthamini anayepita shambani, maandishi hurahisisha mambo. Wilaya za Iringa na Mbeya, zinazozunguka miji hii miwili, zimewahi kuwa na mradi mkubwa wa upimaji wa mashamba na utoaji wa hati za hakimiliki ya kimila, na waliozipata wana nafasi nzuri zaidi kuliko waliobaki na mipaka ya miti na kumbukumbu za wazee. Aliye katika hatari zaidi ni mkulima aliyekodi, ambaye kwa kawaida hulipwa mazao yake yaliyokutwa shambani, huku fidia ya ardhi ikimwendea mwenye shamba.

Mgogoro wa ardhi huanza kwa usuluhishi katika Baraza la Kata, na usipopatikana suluhu hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayetaka kununua kipande cha shamba pembezoni mwa Mbeya au Iringa anaweza kufika ofisi ya mipango miji ya Halmashauri husika kabla ya kulipa arbuni, akaonyeshwa kama eneo hilo limetengwa kwa makazi, barabara, kilimo au hifadhi ya mto.