Estesioneuroblastoma, upasuaji wake

Estesioneuroblastoma ni saratani adimu inayozaliwa katika utando wa kunusia, juu kabisa ndani ya pua, chini ya kile kibamba chembamba cha mfupa chenye vitundu ambamo neva za kunusa hupenya kuingia ubongoni. Ilielezwa kwanza nchini Ufaransa mwaka 1924 na Berger na wenzake.

Dalili

Mwanzi mmoja wa pua huziba, damu hutoka, na hisi ya kunusa hupungua. Na kwa kuwa mambo haya hudhaniwa kuwa ni mafua tu, wagonjwa wengi huchelewa kumfikia tabibu hata jicho likaanza kutokeza. Madaraja ya kuenea kwa saratani hii, yaani A, B na C, yalipangwa na daktari Kadish mwaka 1976.

Upasuaji

Zamani uvimbe ulikatwa kupitia usoni peke yake, na kwa sababu jarahi hakuweza kuuona mpaka wake wa juu, mabaki yalisalia kwenye sakafu ya fuvu na maradhi yakarejea. Mwaka 1963, huko Marekani, Alfred Ketcham na wenzake walitangaza matokeo ya njia adhimu ya kuuzingira uvimbe kutoka juu na chini katika operesheni moja.

Katika njia hiyo, ngozi ya kichwa hupasuliwa kutoka sikio hadi sikio, ikashushwa kuelekea machoni. Utando unaofunika mfupa wa paji huhifadhiwa pamoja na mishipa yake ya damu. Kisha kipande cha mfupa huo hutolewa, na sehemu ya mbele ya ubongo huinuliwa kwa hadhari kubwa. Jarahi wa ubongo hukata utando mgumu uliovamiwa pamoja na vitufe vya kunusia, ilhali mwenzake wa pua akifanya kazi kutoka chini, hata uvimbe na kibamba vikatoka pamoja. Kuziba ndiko kugumu kuliko kukata: utando uliohifadhiwa hulazwa uwe sakafu mpya, maana ikibaki nafasi ndogo tu, maji ya ubongo huvuja puani, na vijidudu hupata njia ya kuleta homa ya uti wa mgongo. Aliyeondolewa vitufe vyote viwili hanusi tena maishani mwake, si asumini wala chakula kinachoungua jikoni.

Mionzi

Aghalabu hufuata upasuaji.

Siku hizi

Hospitali kubwa hutumia endoskopu kupitia puani bila kuukata uso, ingawa uvimbe uliopenya sana ubongoni mara nyingi bado hulazimu fuvu lifunguliwe. Maradhi huweza kurudi hata baada ya miaka 10, hivyo mgonjwa huendelea kuchunguzwa pua, ubongo na tezi za shingo.